Aliyeshika breki ya kompyuta yako

Fundi wa kwanza hata hakuifungua. Aliiwasha, akaitazama ikijikokota dakika nne nzima kabla ya kuonyesha ile picha ya mwanzo, kisha akaifunika na kunirudishia mkononi. "Hii imechoka, dada. Tafuta nyingine."

Ni laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo miaka miwili kabla ya siku hiyo, nyeusi, nzito kidogo, yenye prosesa ya Intel Core i5-6300U. Imenilisha. Lakini kwa wiki mbili herufi zilikuwa zikitokea kwenye kioo sekunde mbili baada ya kidole kuondoka kwenye kitufe, na jedwali dogo la Excel lilifunguka kwa muda wa kuchemsha chai. Nilimwamini fundi kwa sababu neno lake ni letu sote. Kiatu huchoka, godoro huchoka, gari huchoka hadi likalala Kibaha. Kompyuta nayo itachoka tu.

Fundi wa pili alikuwa kijana mwenye meza moja chini ya ngazi, Mtaa wa Aggrey. Alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, ukafunguka ule ukurasa wa Windows unaoonyesha mashine inashughulika na nini, akaweka kidole kwenye tarakimu iliyo chini ya grafu. Gigahezi 0.39.

"Prosesa hii mwendo wake wa kawaida ni 2.4," alisema. "Ikipewa kazi nzito inapanda mpaka 3.0. Sasa hivi inatembea sifuri nukta tatu tisa. Haijachoka, dada. Imeshikwa breki."

Nilimuuliza nani ameishika. Akacheka, akasema hapo sasa ndipo penye kazi. Jibu alilonipa nitalifikia, lakini lilinipeleka mbali kuliko meza yake, na tangu siku hiyo nimekuwa na neno la kuwaambia wote wanaojiandaa kutupa mashine.

Ndani ya kila prosesa kuna pigo, mithili ya ngoma kuu inayowaongoza wachezaji. Pigo likilia, transista hufunguka na kujifunga, na kazi husogea hatua moja. Gigahezi 2.4 ni mapigo bilioni 2.4 kila sekunde. Mpiga ngoma huchoka mikono, lakini ngoma hii hupigwa na saketi inayoambiwa namba na kuitii. Prosesa huzeeka, ni kweli, ila uzee wake ukizidi huleta makosa na kuzimika, hauyalegezi mapigo. Ukiona mapigo yamepungua, ujue kuna aliyeyapunguza.

Na sababu ya kuyapunguza ni nzuri. Transista ikibadili hali hujaza na kumwaga chaji kidogo ya umeme, na chaji hiyo huishia kuwa joto. Nguvu inayoliwa hupanda sambamba na idadi ya mapigo, na tena hupanda sambamba na volteji iliyozidishwa kwa yenyewe. Hilo la pili ndilo lenye siri. Mapigo yakiwa ya polepole, transista haihitaji msukumo mkubwa ili iwahi pigo linalofuata, kwa hiyo volteji nayo inaweza kushushwa. Chukua mfano wa prosesa inayotembea kwa volti 1.0. Punguza mapigo kwa nusu, na kwa sababu hiyo ushushe volteji hadi 0.7. Nusu mara 0.49 ni karibu robo. Umepoteza nusu ya kasi ukaokoa robo tatu ya nguvu. Kazi itachukua muda mara mbili, sawa, lakini hata ukihesabu muda huo, kazi ileile imekugharimu takriban nusu ya umeme.

Mwaka 1994, Mark Weiser na wenzake watatu wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, waliandika kuhusu jambo hili wakiwa na swali rahisi: kwa nini mashine ikimbie kwa kasi yake yote halafu ikae ikisubiri, wakati ingeweza kutembea taratibu na kufika kwa wakati uleule? Walipendekeza mfumo endeshi ukague muda mfupi uliopita, upime prosesa ilikuwa na shughuli kiasi gani, ukadirie kwamba muda unaofuata utafanana na huo, kisha uchague kasi. Wakati huo, prosesa nyingi za kompyuta za mezani hazikuwa hata na namna ya kubadili kasi zikiwa kazini. Wazo lilitangulia chombo.

Chombo kilifika Januari 2000. Mwezi huo Intel ilitoa Pentium III za laptopu zenye mwendo wa aina mbili, mathalani megahezi 650 ukiwa umechomeka umeme na 500 ukiwa kwenye betri. Mwezi huohuo kampuni ndogo ya Transmeta, ambako Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, alikuwa ameajiriwa, ilizindua prosesa ya Crusoe iliyoweza kupanda na kushuka ngazi nyingi huku kazi ikiendelea. Na kama kuna aliyedhani suala hili ni la betri peke yake, mwaka 2004 ulimjibu. Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 ikiwa na joto la wati 115, na mwaka huohuo Intel iliifuta prosesa iliyokuwa imepangwa kuirithi. Kushindana kwa gigahezi kulikuwa kumegonga ukuta wa joto. Tangu hapo, kupanga kasi kumekuwa kazi ya kila mashine, kuanzia simu hadi seva.

Sasa nani anapanga? Mafundi wetu huita "draiva" ile programu ndogo inayouunganisha mfumo endeshi na kifaa, na wingi wake "madraiva". Mimi nalipenda zaidi neno letu la zamani, dereva, kwa sababu kwenye suala hili ndilo linalosema kweli. Dereva anajua gari lake: lina gia ngapi, inaingiaje, ikikataa afanye nini. Lakini si yeye anayeamua safari.

Kwenye Linux mgawanyo huo umewekwa wazi, na ndiyo maana nauchukua kama mfano. Sehemu ya kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, iitwayo cpufreq, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watu kama Russell King na Dominik Brodowski, ina pande mbili. Upande mmoja ni dereva, anayejua prosesa fulani inakubali kasi zipi na inaambiwaje. Upande wa pili ni gavana. Ndiyo, gavana, kwa maana ileile ya spidi gavana ambayo abiria wa matatu nchini Kenya waliizoea mwaka 2004, pale kanuni za Waziri John Michuki zilipoyafunga magari yasizidi kilomita 80 kwa saa. Dereva anashika usukani, gavana anasema mwendo uwe upi.

Magavana wako wa tabia mbalimbali. Mmoja anaacha kasi ya juu muda wote. Mwingine anaishikilia ya chini. Mwaka huohuo wa 2004, mwezi Oktoba, Linux 2.6.9 ilitoka na gavana aliyeandikwa na Venkatesh Pallipadi wa Intel na wenzake, na huyo ndiye aliyetawala laptopu za Linux kwa miaka mingi. Alikuwa mjukuu halali wa wazo la Weiser: hupima kila baada ya muda mfupi, na shughuli ikivuka mpaka aliowekewa, mara nyingi asilimia 80 au 95, huruka moja kwa moja hadi kasi ya juu kabisa. Hapandi ngazi kwa ngazi. Sababu ni ubinadamu tu: mtu akibofya kitufe anataka jibu sasa hivi, na kuchelewa kupanda humuudhi kuliko kuchelewa kushuka.

Udhaifu wake ni kwamba alikuwa mlinzi wa getini asiyejua nyumba ina wageni gani. Aliona tu prosesa ina shughuli au haina, huku ndani ya kerneli ileile kuna sehemu nyingine, mpanga zamu, inayojua kila programu iliyoko kwenye foleni na imekuwa ikila muda kiasi gani. Majirani hawa wawili waliishi miaka zaidi ya kumi bila kusemezana. Mwaka 2016, Linux 4.7 ikawakutanisha kupitia gavana mpya wa Rafael Wysocki. Huyu hapimi mwenyewe. Anachukua hesabu ya mpanga zamu. Hesabu hiyo ina kumbukumbu inayofifia: yaliyotokea milisekunde 32 zilizopita yana uzito nusu ya yanayotokea sasa, ya milisekunde 64 zilizopita robo, na kuendelea hivyo. Kisha gavana anaongeza robo ya tahadhari. Kama kazi iliyopo inahitaji asilimia 60 ya uwezo wote, anaomba asilimia 75 ya kasi. Kwenye prosesa inayofika gigahezi 3.0, hiyo ni 2.25. Ile robo ni kama nafasi anayoacha mama ntilie juu ya sufuria, kwa sababu anajua wali utafura.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilidhani jambo limekwisha: polepole ndio uchumi. Kumbe wahandisi wamelibishania kwa miaka, na ubishi wao ni wa methali zetu mbili. Haraka haraka haina baraka, wanasema wafuasi wa Weiser. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanajibu wengine. Transista zilivyozidi kuwa ndogo zilianza kuvuja umeme hata zikiwa zimekaa tu. Basi, wanasema hawa wa pili, imalize kazi upesi kisha uilaze prosesa usingizi mzito, ukate umeme kwenye viini vyake (zile "core" za ndani) visivyotumika, kuliko kuiacha macho muda mrefu ikivuja. Kila upande una haki yake kutegemea mashine na kazi. Prosesa ikifukuzwa hadi kileleni, volteji inayohitajika kwa zile hatua chache za mwisho ni ghali mno. Ikiburuzwa chini kabisa, mvujo unakula akiba yote. Katikati ndiko kwenye nafuu, na katikati hiyo haiko mahali pamoja kwa kila prosesa.

Ndiyo maana usukani ulianza kuhama. Mwaka 2013 Linux 3.9 ilipata dereva maalumu wa Intel, kazi ya Dirk Brandewie, aliyewaweka kando magavana wa kawaida na kujiamulia. Miaka miwili baadaye kikatoka kizazi cha sita cha prosesa za Intel, Skylake, ambacho ndicho kilichomo kwenye laptopu yangu, na hapo prosesa yenyewe ikaanza kuchagua kasi. Mfumo endeshi sasa huweka kiwango cha chini na cha juu, kisha hutoa rai kwa namba kati ya 0 na 255: sifuri maana yake nipe kasi, 255 maana yake nitunzie umeme. Yaliyobaki huamuliwa ndani ya silikoni, haraka kuliko programu yoyote inavyoweza kupima na kuagiza, kwa kuangalia joto na umeme ambao mfumo endeshi hauuoni kwa wakati. Dereva amekuwa konda. Anajua abiria ni nani na anashuka wapi, anagonga bodi, anapaza sauti. Usukani hauko mikononi mwake.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, mageuzi yalikuja baadaye. Prosesa zao za kizazi cha Zen, chini ya dereva wa zamani wa Linux, zilikuwa na ngazi 3 tu za kuchagua, kana kwamba gari jipya limefungwa gia za trekta. Dereva mpya aliingia na Linux 5.17 mwezi Machi 2022, baada ya AMD kushirikiana na Valve, waliokuwa wakitengeneza kifaa cha michezo cha kushika mkononi ambacho kwacho kila wati ya betri ina thamani.

Simu uliyonayo mfukoni ina mchezo mgumu zaidi, kwa kuwa viini vyake havilingani. Prosesa ya Helio G85, iliyowekwa kwenye simu nyingi za bei ya kati, ina viini vikubwa 2 na vidogo 6. Kabla ya kuchagua kasi, mfumo lazima uchague kazi iende kwa nani. Tangu Linux 5.0 ya mwaka 2019, kerneli inaweza kupewa jedwali la gharama ya umeme ya kila kiini kwa kila kasi, ikapiga hesabu kabla ya kutuma kazi. Huwezi kukodi Fuso kupeleka bahasha. Ujumbe unaoingia usiku hubebwa na kiini kidogo. Video unayoikata kabla ya kuituma huenda kwa wakubwa.

Na ni simu zilizoleta swali ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote haya. Desemba 2017, John Poole wa kampuni ya Primate Labs alichapisha grafu za vipimo vya simu za iPhone zilizoonyesha kundi zima la simu zikitembea chini ya kasi yake baada ya kupokea toleo fulani la iOS. Apple ikakiri. Betri ya zamani hushindwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, volteji huporomoka, simu huzimika ghafla. Kwa hiyo tangu toleo la 10.2.1 walikuwa wakiishusha kasi ya prosesa kwenye simu zenye betri dhaifu. Kwa uhandisi, hoja yao ni sahihi. Simu ya polepole ni bora kuliko simu inayozimika ukiwa katikati ya safari. Lakini mwenye simu hakuelezwa kwamba dawa ni betri. Aliona simu "imechoka", akaenda kununua nyingine. Apple iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri Marekani kutoka dola 79 hadi 29, na Februari 2020 mamlaka za Ufaransa zikaitoza faini ya euro milioni 25, kosa likiwa ni kutowaambia wateja.

Nasimama na Wafaransa hapo. Breki ni haki, na mara nyingine ni lazima. Kuishika kimya ndiko kunakowaumiza watu, na huumiza zaidi kwetu, ambako mashine nyingi hufika zikiwa na mmiliki wa pili au wa tatu, bila kitabu, bila risiti, bila mtu wa kumuuliza.

Turudi chini ya ngazi, Mtaa wa Aggrey. Yule kijana alifungua kumbukumbu za matukio za Windows, akateremka hadi kwenye tukio namba 37, ambalo lilikuwa limejirudia kila siku kwa wiki mbili. Lilisema kasi ya prosesa inazuiwa na programu ya msingi ya mashine, ile inayoamka kabla ya Windows. Kwa maneno mengine, dereva alikuwa akiomba kasi na kunyimwa, na malalamiko yake alikuwa akiyaandika mahali ambapo hakuna aliyekuwa akisoma.

Kisha akachomoa chaja. Namba ikaruka kutoka 0.39 hadi 2.6. Kompyuta iliyokuwa imenyimwa umeme ilikuwa imepata kasi mara sita na zaidi, na Excel ikafunguka kabla sijamaliza kushangaa.

Laptopu za aina yangu huiuliza chaja uwezo wake kupitia kipini chembamba kilicho katikati ya kichomeo. Chaja ya awali ilikuwa imekatika waya, nikanunua mbadala ya bei nafuu, na hiyo haikujua kujibu. Mashine isipopata jibu haijui kama chaja itahimili, basi hujilinda kwa kuvuta waya mmoja unaoingia kwenye prosesa. Waya huo asili yake ni kengele ya joto: prosesa yangu ikifika nyuzi 100 za Selsiasi huupigia mfumo kelele na kupunguza mapigo. Baadaye watengenezaji waliufanya upitike pande zote mbili, ili sehemu nyingine za mashine nazo ziweze kuiambia prosesa ipunguze. Ukivutwa, prosesa hushuka hadi mwendo wake wa chini kabisa, kwangu megahezi 400, na haijali gavana anasema nini wala Windows inataka nini.

Aliniuzia chaja yenye kipini kinachofanya kazi. Nilirudi nayo kwa fundi wa kwanza, nikiwa na nia njema, nikamwonyesha namba ikipanda na kushuka. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akainama chini ya meza, akatoa laptopu ya mwalimu mmoja aliyekwisha kuambiwa atafute nyingine, akaiwasha. Gigahezi 0.8. Tukabadilisha chaja, namba haikusogea. Nikaweka kiganja chini yake, nikakiondoa upesi kwa joto. Feni haikusikika. Vumbi lilikuwa limeziba tundu la hewa kama sufi iliyoshindiliwa ndani ya mto, na hiyo ni Dar es Salaam ya Februari, ambako hata hewa ya kupoozea huingia ikiwa na joto.

"Hii nayo imeshikwa," alisema, akachukua bisibisi.